Kwa nini medali inachubuka: jibu kwa mwalimu wa michezo

Mwalimu mmoja wa michezo kutoka Moshi kaniandikia hivi: "Shikamoo mtaalam. Niliona picha za ile medali ya shaba ya Olimpiki ya Paris 2024 iliyochubuka hata wiki mbili hazijaisha. Naomba unieleze hizi medali za mashindano makubwa zinatengenezwaje, ile ya dhahabu ni dhahabu kweli, na kwa nini zinaharibika haraka vile? Nauliza kwa sababu mwakani tunaandaa riadha ya shule za Tanzania, Kenya na Uganda, na kamati imenipa mimi kazi ya medali."

Marahaba mwalimu wangu. Na pole, maana kwenye kamati nyingi kazi ya medali anatupiwa yule aliyechelewa kikao.

Nikujibu kwanza kwa kifupi halafu tushuke taratibu. Medali haiharibiki kwa sababu dhahabu ni kidogo au shaba ni feki, inaharibika kwenye ngozi. Yaani kile kitabaka cha juu kabisa ambacho hata hukioni, vanishi na kuchovya (yaani kuvisha medali koti jembamba la metali nyingine), ndicho kinachoamua kama medali itakaa miaka hamsini au itaanza madoa kabla mshindi hajafika kwao. Mimi kazi yangu ni dai, kile chuma kilichochongwa sura kinachogonga mchoro kwenye medali, na kuchovya, nimekaa kwenye karakana ya kupiga beji na medali muda mrefu, na wateja karibu wote wakija wanauliza uzito, wanauliza bei, wanauliza itakuwa tayari lini. Vanishi hakuna anayeuliza.

Tuanze na dhahabu maana ndo kila mtu anaitaka kuisikia. Medali ya dhahabu ya Olimpiki ni ya fedha. Mara ya mwisho kutolewa dhahabu tupu ilikuwa Stockholm 1912, na zile zilikuwa ndogo, kipenyo milimita 33 na uzito gramu 24 tu, ukiiweka kiganjani leo unaweza kudhani ni sarafu. Siku hizi masharti ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yanasema hivi: ndani iwe fedha isiyopungua asilimia 92.5, juu ichovywe dhahabu safi isiyopungua gramu 6. Ile ya Paris 2024 ilikuwa na gramu 529, kipenyo milimita 85, unene milimita 9.2, na katikati wamepachika kipande cha chuma cha pembe sita chenye gramu 18 kilichotoka kwenye mnara wa Eiffel, kile chuma kilichobanduliwa wakati wa matengenezo wakakiweka stoo. Toa 18, toa 6, unabaki na gramu 505 za fedha. Hiyo ndo medali ya dhahabu ambayo Faith Kipyegon na Beatrice Chebet wamerudi nayo Kenya.

Ukiiyeyusha utapata nini? Agosti 2024 gramu ya dhahabu ilikuwa inacheza kwenye dola 77 hivi na gramu ya fedha senti 90, kwa hiyo jumla ni dola mia tisa na ushee, bei ya simu nzuri. Sasa jiulize ingekuwa dhahabu tupu kwa ukubwa uleule. Watu wengi wanazidisha gramu 529 kwa bei ya dhahabu, hapo wanakosea, kwa sababu dhahabu ni nzito karibu mara mbili ya fedha, umbo lilelile lingekaribia kilo nzima. Kilo moja shingoni, na bei yake dola elfu sabini kwenda juu. Na Paris ilikuwa na mashindano 329 ya kugombea medali, halafu kwenye michezo ya timu kila mchezaji anapewa yake. Hakuna nchi itakubali kuandaa.

Lakini usizidharau gramu 6, hapa ndo fundi wa kuchovya anavua kofia. Chukua eneo lote la medali, mbele, nyuma na ukingoni, ni kama sentimita za mraba 138. Tandaza gramu 6 za dhahabu hapo juu utapata unene wa maikroni 20 na kitu (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa kwa elfu). Cheni ya dhahabu ya kuchovya unayouziwa mtaani mara nyingi haifiki hata maikroni moja, ndo maana ikipigana na jasho la shingo miezi miwili unaanza kuona wekundu wa kopa, yaani ile shaba nyekundu ya ndani. Maikroni 20 ni koti la kweli kabisa. Kwa hiyo ukisikia medali ya dhahabu ya Olimpiki inachubuka usikimbilie kusema wameibiwa dhahabu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mchina mmoja wa trampolini, Zhu Xueying, alionyesha medali yake ya dhahabu inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, watu wakaanza kelele, waandaaji wakajibu kwamba kinachobanduka ni kile kitabaka cha kukinga kilichopakwa juu ya dhahabu, dhahabu yenyewe iko chini palepale. Umeona? Ngozi tena.

Sasa inatengenezwaje. Hapa nitachukua muda kidogo maana ukielewa hapa hata yule msambazaji wako hatakudanganya.

Inaanza kwenye karatasi, na karatasi yenyewe haiko huru. Kwa Olimpiki za kiangazi upande mmoja lazima akae Nike, yule mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki, pamoja na uwanja wa Panathenaiko wa Athens, alama za pete tano na jina la michezo. Upande wa pili ndo nchi mwenyeji inajinafasi. Na huo upande wa Nike una kisa chake. Mwaka 1928 kwa ajili ya Amsterdam mchongaji wa Kiitaliano Giuseppe Cassioli alichora Nike amekaa na tawi la mtende na taji, nyuma yake akaweka jengo la duara lenye matao matao kama Kolosiamu ya Roma. Kolosiamu! Michezo ni ya Wagiriki, jengo ni la Warumi, na hata hivyo mchoro ule ukazunguka miaka zaidi ya sabini. Kipchoge Keino alipewa huo Mexico 1968, John Akii-Bua wa Uganda alipewa huo Munich 1972, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wetu walipoleta fedha mbili kutoka Moscow 1980 walikuja na Kolosiamu ileile. Ni Sydney 2000 ndo magazeti ya Ugiriki yakapiga kelele kwa nguvu, na Athens 2004 sonara wa Kigiriki Elena Votsi akaja na Nike mpya anayetua kwa mabawa ndani ya uwanja wa Athens wenyewe, huo ndo unaotumika mpaka leo. Paris waliruhusiwa kumpenyeza Eiffel pembeni, kakaa kadogo hivi mkabala na Akropoli, kile kilima cha magofu ya Athens, na mi naona pale wamejaza sana, lakini hilo ni jicho langu tu.

Kutoka karatasini mchoro unaenda kuwa umbo. Zamani mchongaji alikuwa anachonga kwa plasta kitu kikubwa kama sinia, halafu mashine yenye mkono wa kupapasa upande mmoja na msumari wa kukata upande mwingine inapunguza lile sinia mpaka ukubwa wa medali ikiwa inakata kwenye chuma. Leo wengi wanachonga kwenye kompyuta na mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, inakata dai moja kwa moja, ila mabingwa bado wanaanza na mkono, wanaskani baadaye, kwa sababu kompyuta inakupa nyuso laini mno zisizo na uhai. Tatizo kubwa la hatua hii ni kina. Mchoraji asiyejua chuma atakuletea mchoro una kuta zimesimama wima kabisa, sasa ukigonga, chuma kinanasa ndani ya dai, hakitoki, na kikitoka kimechanika kingo. Kila ukuta lazima uwe umeinama kidogo. Na penye uso wa mtu upande wa mbele usiweke kilima kingine palepale upande wa nyuma, maana chuma kinachojaza vilima vyote viwili kinatoka sehemu moja, hakitatosha, utapata Nike mwenye pua bapa. Mara nyingi nikitizama medali iliyotoka vibaya nikaigeuza nyuma, sababu iko hapo hapo mgongoni kwake.

Dai ni chuma cha pua kigumu kinachochongwa kikiwa bado laini, halafu kinapikwa na kuzamishwa kwenye mafuta mpaka kigande kabisa. Kukiwa na kosa la herufi moja baada ya hapo unaanza upya, ndo maana majina ya nchi na tarehe yanasomwa na watu wengi kabla ya moto.

Halafu kugonga. Unakata vidonge vya fedha au shaba, unaweka kati ya dai mbili, presi inashuka. Watu wanadhani ni pa! mara moja imeisha, hiyo ni sarafu. Medali yenye milima mirefu haijai kwa pigo moja. Fedha ukiipiga inakakamaa, ukiilazimisha inapasuka, kwa hiyo unaitoa, unairudisha tanuruni mpaka inaiva wekundu wa mbali, inalainika, unaisafisha kwa tindikali, unairudisha kwenye dai mkao uleule bila kusogea hata unywele, unagonga tena. Wale Royal Mint wa Uingereza kwa London 2012 walikuwa wanagonga medali moja hadi mara 15 kwa presi ya tani 900, na medali moja ilikula kama saa kumi za kazi. Vancouver 2010 walijitafutia balaa zaidi, medali zao zina mawimbi, hazilali mezani, na kila moja ilikatwa kutoka sehemu tofauti ya mchoro mmoja mkubwa wa msanii Corrine Hunt kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana, umbo lenyewe likabuniwa na Omer Arbel. Nzuri sana. Fundi aliyeambiwa azigonge sijui alilala vipi.

Baada ya kugonga ni kunyoa ukingo, kutengeneza mahali pa utepe, kuchora jina la mchezo, kung'arisha, kuchovya, vanishi. Jina la mchezo linachorwa mapema, jina la mshindi haliwezi maana hajulikani bado, na hii ina maana lazima ujue hesabu ya kila mchezo na uweke za ziada. Kumbuka Tokyo kwenye kuruka juu, Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia walikataa kuendelea kushindana wakagawana dhahabu, kwa hiyo zikatoka dhahabu mbili na fedha ikabaki bila mwenyewe. Na ndondi shaba ni mbili kwa kila uzito, Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 mabondia wetu Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe kila mmoja alipewa yake bila pambano la mshindi wa tatu.

Haya, sasa shaba ya Paris. Medali ile iliundwa sura yake na nyumba ya masonara ya Chaumet, ikagongwa na Monnaie de Paris, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Ufaransa ambacho kipo tangu mwaka 864. Sio watu wa kubahatisha hao. Lakini mwanzoni mwa Agosti 2024 Nyjah Huston, Mmarekani wa skateboard aliyepata shaba, akaweka video medali yake imeshakuwa na madoa na imekwaruzika mbele, akisema aliivaa kwenye ngozi yenye jasho na akawapa marafiki zake waivae wikendi, mwisho wake inaonekana kama imetoka vitani. Wengine wakafuata, zikarudishwa zaidi ya mia moja, kiwanda kikakubali kuzibadilisha.

Nini kilitokea? Ile shaba ni mchanganyiko wa kopa, bati na zinki, sehemu kubwa ni kopa. Kopa haiwezi kukaa na jasho. Jasho lina chumvi na tindikali kidogo, likigusa kopa linaanza kuila, kwanza inafifia, halafu inakuwa kahawia, halafu nyeusi, na ikikaa na unyevu inatoa ukijani. Dhahabu haina shida hiyo kabisa. Fedha yenyewe inakuwa nyeusi polepole kwa salfa ya hewani lakini ukifuta inarudi. Kwa hiyo kati ya watatu pale jukwaani aliyebeba kitu dhaifu kuliko wote ni yule wa shaba, na tegemeo lake lote ni vanishi. Vyombo vya habari vya Ufaransa viliripoti kwamba zamani kiwanda kilikuwa kinatumia dawa yenye kromiamu ambayo ilikuwa inaikinga shaba vizuri, ila dawa hiyo ni sumu, inaleta kansa kwa wafanyakazi, na sheria za Ulaya zimeibana, kwa hiyo wakahamia vanishi nyingine ambayo haikupata muda wa kutosha wa kujaribiwa. Mi kwa uelewa wangu wa kazi hiyo inaingia akilini kabisa. Sio uzembe wa kugonga, michoro yao ni mikali, chuma cha Eiffel kimekaa vizuri kwenye kucha zake sita. Wamebadilisha kitu kimoja cha mwisho, kisichoonekana, na kikawaumbua dunia nzima.

Na sio wao wa kwanza. Rio 2016 zilirudi medali zaidi ya mia moja zenye madoa meusi na vanishi iliyobanduka, waandaaji wenyewe walisema mzizi ni jinsi zilivyoshikwa, zikianguka au kugongana vanishi inapasuka na pale palipopasuka ndo madoa yanaanzia. Ukiangalia Tokyo, Rio na Paris ni viwanda vitatu tofauti, mabara matatu, tatizo ni lilelile. Watu wanatumia miaka kubishana mchoro, Tokyo kwanza walikusanya simu za mkononi milioni 6.21 na vifaa vingine vya umeme kutoka kwa wananchi kuanzia 2017 mpaka 2019, wakachuja humo kilo 32 za dhahabu na kilo 3,500 za fedha, kazi ya kupigiwa saluti kweli, halafu stori inayobaki mtandaoni ni kitabaka kinachobanduka.

Pia mazoea ya washindi yamebadilika, hili wabunifu wamechelewa kuliona. Zamani medali ilikuwa inapokelewa mkononi ndani ya kiboksi, kuvalishwa shingoni kumeanza Rome 1960. Leo mshindi anaoga nayo karibu, analala nayo, inapita kwenye mikono ya ndugu, majirani, watoto wa shule nzima, inapigwa selfi, inaumwa. Kuumwa! Yule Mjerumani David Möller wa mbio za sleji Vancouver 2010 alivunjika kipande cha jino kwa kuuma medali yake ya fedha kwa ajili ya wapiga picha. Na meya wa Nagoya, Takashi Kawamura, mwaka 2021 aliichukua medali ya dhahabu ya msichana wa softball Miu Goto akaiuma mbele ya kamera, tena wakati wa korona, Japani nzima ikachemka mpaka medali ikabadilishwa. Mwalimu, kwenye mashindano yenu waambieni wageni rasmi mapema.

Jambo moja ambalo naomba mkaibe kwenye medali za Paralimpiki, na halina gharama, ni mguso. Rio 2016 waliweka vigololi vidogo vya chuma ndani ya medali, ukiitikisa inalia, dhahabu ina vigololi 28, fedha 20, shaba 16, kwa hiyo asiyeona anaitambua kwa sikio. Tokyo wakaweka vishimo ukingoni, kimoja dhahabu, viwili fedha, vitatu shaba, pamoja na maandishi ya nukta nundu. Hivyo vishimo hata fundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar anatoboa kwa drili ya meza. Na Birmingham 2022 medali zilizobuniwa na wanafunzi watatu zilikuwa na ramani ya mji imeinuka juu ili mtu asiyeona aipapase, na utepe wake unarefushwa na kufupishwa. Ferdinand Omanyala alivalishwa hiyo ya dhahabu ya mita 100. Utepe wa kurekebisha ni akili kubwa, maana mtoto wa darasa la saba akivalishwa utepe wa mtu mzima medali inampiga tumboni kila akitembea, inagonga zipu, inagonga vifungo, na ndo mikwaruzo hiyo.

Sasa tuje kwako. Bajeti yenu haitagusa medali ya fedha halisi wala presi ya tani 900, msijisumbue. Mtaletewa bei za aina tatu. Ya kwanza ni ya chuma cha kawaida kilichogongwa na kuchovywa, ni rahisi, ila Dar, Tanga au Mombasa na hewa ile ya chumvi kutu itatokea ukingoni kabla ya mwaka. Moshi itavumilia zaidi lakini siipendi. Ya pili ni ya aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, ya kumimina kwenye kalibu, hii ndo medali karibu zote za marathoni unazoziona, inayeyuka kwa moto mdogo, inashika mchoro vizuri, unaweza kutoboa matundu na kujaza rangi, nzito kiasi mkononi. Ya tatu ni brasi (mchanganyiko wa kopa na zinki) ya kugonga, ghali kidogo, na hii ndo inayodumu kuliko zote.

Wengi mtaishia kwenye zinki na sio mbaya hata kidogo, ila zinki ina ugonjwa wake. Ikimiminwa vibaya ndani inakuwa na vitundu kama mkate. Mng'arishaji akiisugua sana anakula ile ngozi ya juu, vitundu vinafunuka, maji ya kuchovya yanaingia humo yanajificha, baada ya miezi mitatu unaona malengelenge yanainua rangi. Kinachozuia ni kopa ya chini iwe nene kabla ya nikeli na kabla ya rangi ya dhahabu. Kwa hiyo msambazaji akikuambia "gold plated" wewe usifurahie, muulize chini ya hiyo dhahabu kuna nini na nene kiasi gani. Akianza kubabaika unajua huyo ni dalali, hajawahi kuona beseni la kuchovya. Na zile za rangi ya shaba mwambie kabisa unataka vanishi iliyokaushwa kwa oveni, sio ya kupuliza kopo na kuanika juani.

Usilipe yote kabla ya sampuli, na sampuli usiitundike ukutani uisifie. Itese. Chukua kitambaa safi, kiloweshe maji ya chumvi yenye siki kidogo, funga medali ndani yake, tia kwenye mfuko wa nailoni ufunge, acha sehemu yenye joto siku mbili. Hilo ni jasho la kutengeneza. Ukifungua ukakuta ukijani au madoa, irudishe. Ya pili, chora kwa wembe vijistari vya kukatiza kwenye vanishi upande wa nyuma, bandika selotepu, sugua kwa kidole, ivute ghafla. Selotepu ikiondoka na vipande, vanishi haikushika, pengine medali ilipakwa ikiwa na mafuta ya mikono. Ya tatu iangushe sakafuni kutoka urefu wa kifua mara kadhaa uone kitanzi cha utepe kinasemaje, maana vitanzi vya kulehemu baadaye vinang'oka kirahisi, mwambie kitanzi kimiminwe pamoja na medali.

Kwenye mchoro punguzeni maneno. Najua kamati, mtataka nembo ya wizara, ya shule, ya mdhamini, ya jumuiya, mlima Kilimanjaro, twiga, na mwenge juu. Kwenye medali ya milimita 60 herufi yenye kimo chini ya milimita moja na nusu haisomeki, itajaa rangi tu. Chagua kitu kimoja kikae mbele kikiwa kimeinuka vizuri, wadhamini wapelekeni kwenye utepe, utepe unaprintiwa rangi zote na haugombani na mtu. Nyuma acheni sehemu tupu ya kuchora jina na muda wa mshindi, mafundi wa mihuri mjini wanachora palepale uwanjani kwa mashine ndogo, na mtoto aliyekimbia mita 800 akiona muda wake umeandikwa atakuwa na medali tofauti kabisa na ya mwenzake.

Siku ya kugawa, anayezipanga mezani avae glovu za pamba, na asizirundike moja juu ya nyingine kwenye boksi kama viazi, kila moja iwe na kimfuko chake cha kitambaa. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka upya msivitumie, vinatoa mvuke unaogeuza shaba kuwa kijani, na mpira wa kufungia pesa usiuweke karibu na fedha kabisa. Wakifika nyumbani wafute jasho kwa kitambaa kikavu basi, wasisugue kwa dawa ya meno wala majivu wala limao, hayo yote yanakula ngozi. Oda muipeleke angalau miezi minne kabla, maana sampuli ya kwanza mara nyingi inarudi, na ongezeni za akiba kwa kila rangi, hasa shaba kwenye relei, nne kwa kila timu na watu huwa wanawasahau wale wa akiba waliokimbia mchujo. Ukishapata sampuli nitumie picha ya nyuma na ya ukingoni, ya mbele siihitaji.